Elimu ya Jamii na Mbuni wa Kibanjani: Tahakiki ya Ufundishaji Katika Bukoba na Muleba

Katika mazungumzo ya walimu na wazazi umezuka usemi ambao sasa umezoeleka mno hata hauulizwi tena: kwamba masomo ya sayansi ndiyo ya kulijenga taifa, na kwamba masomo ya jamii, yaani Historia, Jiografia na Uraia, ni ya wale ambao hesabu zimewashinda. Sambamba na usemi huo kuna mwingine, kwamba dunia imekuwa kijiji kimoja, na kwa hiyo kijana wa leo anahitaji ujuzi unaouzika popote, si habari za watawala wa kale na mipaka yao. Katika makala haya tunakusudia kuichunguza misemo hiyo miwili kwa kuitazama sehemu moja ya nchi yetu, nazo ni wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera. Tumeichagua sehemu hiyo kwa kuwa ulimwengu haukuingia huko pamoja na simu za mkononi. Uliingia zamani, ukakaa kibanjani katikati ya migomba, na watu wake wamekuwa wakibishana nao kwa zaidi ya miaka mia moja.

Hatuna budi kuanza na somo lenyewe. Utandawazi hufundishwa katika shule nyingi za sekondari kwa namna inayofanana mno. Mwalimu huandika maana ya neno ubaoni, kisha hupiga mstari katikati ya ubao: upande mmoja faida, upande wa pili hasara. Faida ni kurahisika kwa mawasiliano, kukua kwa biashara na kuenea kwa ufundi mpya. Hasara ni kuporomoka kwa maadili, kufa kwa viwanda vya ndani na kuenea kwa magonjwa. Mwanafunzi hunakili, hukariri, na siku ya mtihani huyarudisha yote kama alivyoyapokea. Hatusemi kwamba yaliyoandikwa ni ya uongo. Upungufu wake ni kwamba hayana mahali, hayana tarehe, wala hayana mtu. Orodha hiyo hiyo ingeweza kunakiliwa Lindi, Lusaka au Lima bila kubadili neno hata moja. Nani amefaidika? Nani amepoteza? Lini, kwa bei gani, na kwa amri ya nani? Maswali hayo ndiyo elimu ya jamii yenyewe, nayo hayaonekani ubaoni.

Basi na tuitazame kahawa. Kahawa ya robusta haikuletwa Buhaya na Wazungu. Kabla Emin Pasha hajaweka kituo cha Wajerumani pale Bukoba mwaka 1890, buni zilikuwa zikichemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa na kutafunwa. Mgeni alikirimiwa kwa hizo. Watu wawili waliofunga udugu wa damu waligawana punje mbili za tunda moja, kila mmoja akaimeza ile iliyopakwa damu ya mwenzake. Upandaji wa mibuni ulikuwa chini ya macho ya Abakama, maana kitu chenye heshima kiasi hicho hakikuachwa kila mtu ajipandie apendavyo. Ukoloni ulikigeuza kitu hicho cha heshima kuwa kitu cha kodi, na baada ya hapo kuwa kitu cha biashara. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walisimama kupinga kanuni mpya za kilimo cha kahawa walizoziona kuwa ni za kuwaonea. Mwaka 1950 wakapata chama chao kikuu cha ushirika, BNCU, ili mazao yao yasipitie tena mikononi mwa walanguzi peke yao.

Mpaka hapo mwalimu wa Historia anaweza kusema kwamba hayo yote yamo katika mada zake. Yamo, lakini tusonge mbele. Mwezi Julai 1975 sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi kali, iliunguza mashamba makubwa ya kahawa katika jimbo la Paraná huko Brazil. Bei ya kahawa duniani ikapanda mno katika miaka ya 1976 na 1977. Katika kipindi hicho hicho, mwezi Mei 1976, vyama vikuu vya ushirika vya nchi yetu vilivunjwa, na kazi ya kununua mazao ikapewa mamlaka za umma. Kwa hiyo bei ilipofika kilele, mkulima wa Kamachumu hakuwa na chama kikuu chake mwenyewe cha kumsemea. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Miaka saba baadaye, Julai 1989, mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakigawa viwango vya kuuza kahawa kwa kila nchi yalivunjika, na bei ikaporomoka katika muda wa miezi michache. Kisha Vietnam, ambayo wazee wetu waliijua kwa habari za vita tu, ikapanda robusta kwa wingi hata ikawa nchi ya pili duniani kwa kutoa kahawa, na kufikia mwaka 2001 bei ilikuwa imeshuka kuliko wakati wowote katika miongo kadhaa. Mwaka 2024 mambo yakageuka tena: ukame uliipata Vietnam hiyo hiyo, na robusta katika soko la London ikauzwa kwa bei ya juu mno, zaidi ya dola 5,000 kwa tani.

Msomaji atazame habari hiyo inavyokataa kukaa ndani ya somo moja. Sakitu ya Paraná na ukame wa Vietnam ni Jiografia. Kuvunjwa kwa ushirika ni Historia, na ni Uraia pia, kwa kuwa linagusa haki ya wananchi kuendesha chombo chao wenyewe. Zaidi ya hayo, habari hiyo inakataa kugawanywa katika faida na hasara. Balaa la mkulima wa Brazil lilikuwa neema ya mkulima wa Muleba, au lingekuwa neema kama fedha zingemfikia zote. Mwanafunzi aliyeielewa habari hiyo hawezi tena kuridhika na mstari uliopigwa katikati ya ubao.

Lipo jambo lingine lililo karibu zaidi na dawati lake. Katika Bukoba na Muleba kila mtu analijua neno butura. Ni desturi ya kuuza kahawa ingali mtini, pengine ingali maua, kwa mtu mwenye fedha taslimu, kwa bei iliyo chini sana kuliko ile itakayopatikana wakati wa mavuno. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, na bado ipo. Ipo kwa sababu ugonjwa na msiba havingoji mavuno, wala sare, madaftari na michango ya shule havingoji. Yawezekana kabisa kwamba daftari ambamo mwanafunzi ananakili faida za utandawazi lilinunuliwa kwa fedha za butura. Tungependa kuona darasa la kidato cha tatu likipewa hesabu hiyo: gunia moja la kahawa ya maganda, bei ya butura, bei ya mnada, tofauti yake, na ni nani aliyeichukua tofauti hiyo. Pengine hapo wale wanaosema kwamba masomo ya jamii ni ya walioshindwa na hesabu watapata la kufikiri.

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayotaka kahawa iingiayo huko ithibitishwe kwamba haikulimwa mahali palipokatwa misitu katika miaka ya karibuni, na kwamba shamba lilikotoka lijulikane mahali pake hasa juu ya ramani. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini maana yake kwetu ni bayana: kibanja cha bibi mmoja wa Ihangiro, chenye migomba ya babu na mibuni ya baba, kinatakiwa kiwe na alama zake katika ofisi za mbali. Nani atazichukua alama hizo, na nani atazimiliki? Tumewasikia vijana wakijadili mpira wa Uingereza kwa ufasaha mkubwa. Jambo hili la ramani hatujawasikia wakilijadili, wala hatuwalaumu, kwa kuwa hawajaambiwa kwamba ni lao.

Sasa inafaa tugeukie kosa la upande wa pili, maana lipo, nalo lina mashabiki wengi. Wako wanaodhani kwamba dawa ya elimu isiyo na mahali ni kuyasifu ya mahali pale: desturi zetu, wafalme wetu, heshima yetu. Mwalimu wa namna hiyo huwaonyesha wanafunzi ngoma na misonge, akaita hiyo kuwa ni elimu ya utamaduni. Lakini Buhaya ya kale haikuwa bustani ya watu walio sawa. Kulikuwa na nyarubanja. Chini ya mfumo huo Omukama aliweza kumpa mkubwa wake eneo la vibanja pamoja na watu waliokaa humo, nao wakawa watwarwa, wakilipa kwa mazao na kwa kazi, na usalama wao juu ya ardhi waliyoilima ulikuwa mikononi mwa mwingine. Kahawa ilipopata thamani wakati wa ukoloni, tamaa ya kumiliki vibanja vya namna hiyo iliongezeka badala ya kupungua. Utemi ulifutwa nchini mwaka 1963, na nyarubanja ikavunjwa kwa sheria za mwaka 1965 na 1968. Hapa napo ya nje na ya ndani yalishikana mikono: soko la ulimwengu lilimpa mwenyeji mwenye nguvu sababu mpya ya kumbana mwenyeji mnyonge. Mwalimu anayemtwisha mgeni lawama yote anamficha mwanafunzi nusu ya habari.

Walimu wengi wa Historia walikisoma kitabu cha Walter Rodney cha mwaka 1972 kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidunisha Afrika, na ni kitabu ambacho kimewafumbua macho wengi, nasi tukiwamo. Hata hivyo tumeona jinsi kitabu chenye nguvu kinavyoweza kugeuzwa kuwa orodha nyingine ya kukariri. Rodney aliuliza ni nani aliyenyonywa na kwa njia zipi. Wakariri wake husema tu kwamba Afrika ilinyonywa, wakaishia hapo, kana kwamba Afrika ni mtu mmoja.

Mfano ulio bora kuliko yote kwa darasa la Uraia uko Muleba kwenyewe, na tunastaajabu kwamba haufundishwi zaidi. Mwaka 1988 mwanamke mmoja aliuza ardhi ya ukoo aliyorithi kwa wosia wa baba yake, akamwuzia mtu asiye wa ukoo. Jamaa yake wa kiume akamshtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mila hiyo haikuwa maneno ya wazee tu, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa katika tangazo la serikali la mwaka 1963 kuhusu sheria za mila: mwanamke aweza kurithi ardhi ya ukoo na kuitumia maisha yake yote, lakini asiiuze. Shauri lilipanda hata Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba kanuni hiyo inambagua mwanamke, na kwamba tangu sasa haki ya kuuza ni sawa kwa mwanamume na mwanamke. Aliegemea juu ya haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, na pia juu ya Tamko la Ulimwengu la mwaka 1948 na mapatano ya kimataifa ambayo nchi yetu ilikuwa imeyatia sahihi.

Na tutulie kidogo juu ya shauri hilo. Kibanja kimoja, wosia mmoja, ugomvi wa jamaa. Na mezani pa jaji kuna maandishi yaliyotungwa Paris na New York. Je, huu ni utandawazi? Ndio, tena wa namna ambayo haimo katika orodha. Je, ni faida au hasara? Mwanafunzi wa kike mwenye kaka watatu atajibu kwa namna moja, na mzee wa ukoo anayehofia makaburi ya babu zake yaliyo ndani ya kibanja kuangukia mikononi mwa mgeni atajibu kwa namna nyingine. Wote wawili wana hoja. Sisi kwa upande wetu twaona jaji aliamua kwa haki, kwa sababu kanuni ile ilimwacha mwanamume auze makaburi yale yale kwa masharti ambayo mwanamke hakupewa. Lakini kazi ya mwalimu ni kuufanya mjadala huo ufanyike darasani kwa ushahidi, mbele ya wavulana na wasichana ambao karibu wataurithi ugomvi huo majumbani mwao.

Kuhusu magonjwa hatutasema mengi, ingawa Kagera imelipa gharama kubwa. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa nchini walionekana mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage, wilayani Muleba. Kabla ya jina la kitaalamu kufika, watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la kitambaa kilichouzwa katika biashara ya mpakani na Uganda. Wataalamu wengi walilichukua jina hilo kuwa ni ushirikina wa wanakijiji. Sisi twaliona kuwa ni uchunguzi: watu walikuwa wametambua kwamba ugonjwa unasafiri kwa njia ya biashara, pamoja na wenye fedha na bidhaa. Miaka arobaini baadaye, mwezi Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulizuka katika Wilaya ya Bukoba na watu sita wakafariki. Maabara ndiyo iliyoutaja kirusi. Lakini kuwafuatilia waliokutana na wagonjwa, kuzungumza na wafiwa juu ya mazishi, na kujua ni nani kijijini anayeaminiwa akisema, hiyo ni kazi ya maarifa ya jamii. Yeyote asemaye kwamba sayansi yajitosheleza na awaulize waganga waliokuwa kazini siku hizo.

Lipo pia suala la lugha. Karibu na Maruku, katika kijiji cha Katuruka, Peter Schmidt alichimba katika miaka ya 1970 akiongozwa na masimulizi ya wazee juu ya mfalme Rugomora Mahe, akakuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma wa zaidi ya miaka elfu mbili. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery walichapisha matokeo katika jarida la Science huko Marekani, wakidai kwamba wahunzi wa huko walipasha hewa moto kabla ya kuingia tanuruni. Wataalamu wengine walilipinga dai hilo la hewa, na mabishano yakaendelea kwa miaka mingi. Ni mabishano mazuri sana kwa kijana kujifunzia jinsi hoja ya kitaalamu inavyojengwa na kubomolewa. Lakini yako kwa Kiingereza, na wazee walioyatoa masimulizi waliyatoa kwa Kihaya, na kijana aliye katikati anaandika Historia ya sekondari kwa lugha ambayo nyanya yake hawezi kumsahihisha. Mtaala ulioboreshwa mwaka 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Tunaupokea uamuzi huo kwa furaha, kwa kuwa sasa masimulizi ya Katuruka yanaweza kuingia darasani bila kuvua viatu mlangoni. Wasiwasi wetu uko katika neno la pili la somo hilo. Historia ikifungwa pamoja na maadili, upo ushawishi wa kuifanya iwe mawaidha, na nyarubanja na shauri la Kashasha havikubali kuwa mawaidha mepesi. Hapo ndipo somo hilo litakapopimwa.

Walimu watatujibu kwamba mtihani hauulizi habari za butura, na kwamba madarasa yana wanafunzi wengi mno kwa mijadala. Jibu hilo ni la kweli, wala si la kupuuzwa na watu wanaoandika makala wakiwa wamekaa. Lakini mtihani unauliza mifano, na hakuna sheria inayomkataza mtahiniwa wa Muleba kutoa mfano wa Muleba. Isitoshe, kazi ya namna hii imekwisha kufanywa. Mwaka 1969 Gelase Mutahaba alichapisha kijitabu juu ya maisha ya Ali Migeyo, mpigania uhuru wa Buhaya, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkutano wake pale Kamachumu, wa kupinga kanuni za kikoloni juu ya mashamba, ulitawanywa na polisi kwa mabomu ya machozi. Ni kijitabu chembamba chenye shujaa asiye mfalme, na ndani yake migomba ya kijiji kimoja inaungana na serikali ya London na chama cha TANU bila mwandishi kulazimika kulifafanua neno lolote kubwa. Kasoro yake ni kwamba kiliandikwa kwa Kiingereza. Kukileta kwa Kiswahili si kazi ya kupita nguvu za walimu wachache wa Historia na wanafunzi wao wa kidato cha tano, hasa wale wa Kamachumu, ambao bado wanaweza kupata vijijini mwao watu waliosimuliwa habari za siku ile na wazazi wao.